Mama Halo Aliachia Pumzi Kabla Sijamwambia

Mgonjwa aliyeweza kushika pumzi kuliko wagonjwa wetu wote, siku moja alishindwa ghafla.

Kesho yake akashindwa tena. Na keshokutwa vilevile.

Cha ajabu, kila alipoachia, aliachia palepale. Kama mtu anayezima taa.

Niliogopa, tena si kuogopa kwa mchezo.

Kabla sijafika mbali ngoja niwaeleze kazi yangu, maana nikisema niko kwenye mionzi wengi wanadhani napiga picha za mifupa iliyovunjika.

Mimi nahudumia wagonjwa wa saratani. Nilisomea chuo, nikaajiriwa hospitali iliyo mbali na kwetu. Mgonjwa analala kwenye kitanda chembamba, tunampanga mpaka alama za mwilini zikae sawa na mistari ya mwanga, halafu sisi tunatoka. Mlango mzito unafungwa. Ndani anabaki yeye na mashine.

Sasa, mwenye saratani ya titi la kushoto ana shida ya ziada. Moyo uko upande huohuo.

Lakini akivuta pumzi nyingi na kuishikilia, kifua kinajaa, na moyo unasogea mbali kidogo na njia ya mionzi. Hicho kidogo ndicho tunachokihangaikia.

Kwa hiyo kuna mtu anakaa nje kwenye maikrofoni na kumwongoza. Vuta. Shikilia. Achia.

Mbele yake kuna skrini yenye mstari unaopanda na kushuka pamoja na kifua cha mgonjwa, na ukanda wa kijani. Mstari ukiingia kwenye kijani, mashine inawaka. Ukitoka, inakata yenyewe.

Mtu wa maikrofoni nilikuwa mimi.

Anayenijua acheke tu. Mimi ni mtu wa aibu kiasi kwamba kantini naagiza chakula kwa kidole. Mwenzangu wa zamu, kaka mmoja mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, ambaye sote tunamwita Spika, alinibatiza jina la Mnong'ono.

"Mnong'ono, umesema nini? Hebu andika ukutani nisome."

Ila kwenye maikrofoni mambo yanageuka. Sauti ndogo haimshtui mtu, na mgonjwa asiposhtuka pumzi yake inatulia. Ndiyo maana kile kiti wakaniachia.

Mle chumbani, Spika ndiye mwongeaji. Mimi napanga alama kwa mikono yangu ya baridi, mdomo nimeufunga. Mlango ukishafungwa na nikajua hakuna anayenitazama, hapo ndipo sauti inatoka. Wapo wagonjwa waliomaliza tiba nzima bila kujua kwamba yule binti bubu wa kuvuta shuka ndiye aliyekuwa anawaongoza.

Mama Halo alikuwa mmojawapo.

Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe nikamuuliza, "Mama, unanisikia?"

Akajibu kwa sauti ya kazi, "Halo! Nakusikia vizuri. Laini haina mikwaruzo."

Spika alicheka mpaka akashika meza. Jina likawa limepatikana.

Kumbe mama yule alikuwa mpokea simu wa shirika fulani, enzi zile za kuchomeka nyaya kwenye ubao wa swichibodi. Maisha yake yote ya kazi aliketi na visikizio masikioni akiunganisha watu asiowaona.

"Hata wewe ni opereta," aliniambia akiwa amelala pale. "Tofauti yetu, mimi niliunganisha watu na watu. Wewe unaunganisha watu na dude."

Kila tulipomaliza alituaga haraka, akisema mzee wake anamsubiri nje kwenye gari. Siku moja tulipokuwa tunampanga alimuuliza Spika, "Hivi yule binti anayeongea mnamficha wapi?"

"Yuko ndani ya mashine, mama. Tunambadilishia betri kila Jumatatu."

Nilikuwa nimesimama hapohapo, nimeshika ncha ya shuka lake. Nilitaka kusema, ni mimi. Badala yake nikalinyoosha shuka.

Kuhusu kile kitufe, kuna jambo mnapaswa kulijua. Ukikibonyeza, mgonjwa anakusikia. Ukikiachia, kwake ni kimya. Sisi lakini tunamsikia muda wote, hata akikohoa.

Wenzangu wakishasema "shikilia" wanatoa kidole. Mimi nilikiacha palepale mpaka mwisho. Wakati wa mafunzo niliwahi kulala kwenye kile kitanda, nikakijua kile kimya. Ni kimya kinachokukalia kifuani. Nikaona, mtu akisikia hata kiti changu kikilia, atajua kwamba hakuachwa.

Halafu nami nilikuwa nashika pumzi pamoja na mgonjwa. Sikupanga. Ilitokea tu.

Siku za mwanzo Mama Halo alikuwa moto wa kuotea mbali. Mstari wake unapanda, unatua kwenye kijani, unatulia kama umechorwa kwa rula. Spika alisema akistaafu atamwomba mama huyu amfundishe kuzamia.

Kisha dada yangu akaondoka.

Dada ndiye aliyenilea. Alinifuata kwenye mji huu nilipopata kazi, tukapanga chumba kimoja, tukalala kitanda kimoja, tukagombana kila asubuhi juu ya kioo kimoja. Akaolewa. Shemeji akapata kazi nchi ya mbali, wakasafiri.

Uwanja wa ndege nilijikaza kisabuni, sikulia. Nilirudi chumbani nikakuta kioo kizima ni changu.

Acha tu.

Nikawa naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Majirani nilikuwa nawapungia mkono. Dada alipiga simu siku za kwanza, kisha kazi zikamzidi, zikabaki picha za theluji na vikatuni vya mioyo. Jioni moja nikiwa naosha kikombe niligundua kwamba tangu asubuhi sijasema kitu kingine zaidi ya yale maneno ya kazini.

Vuta. Shikilia. Achia.

Kazini nilijua hakuna anayeona tofauti. Mtu asiyeongea akizidi kunyamaza, nani atajua?

Basi ikawa ni wiki hiyohiyo Mama Halo alipoanza kuachia kabla ya wakati.

"Samahani mwanangu, pumzi imeniponyoka."

"Hamna shida mama. Pumzika, tutaanza upya."

"Niongeleshe kidogo basi, nipate nguvu."

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote. Asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

Nikafikiri. "Chai na kikombe."

Kicheko chake kilijaa kwenye spika ya chumba chetu. Mimi mwenyewe nikatabasamu, nikashangaa uso wangu bado unaweza.

Ikawa ndio mtindo. Anashika, anaachia, anaomba radhi, ananiuliza jambo. Nyumbani ni wapi? Una ndugu wangapi? Huwa unasuka mwenyewe? Nami nikawa namjibu, kwa sababu nilidhani namtuliza. Nilidhani namsaidia bibi wa watu aliye peke yake mle ndani.

Nje, benchi la kusubiri lilikuwa linajaa.

"Mnong'ono, huyu mama anatupeleka pabaya," Spika alisema, safari hii bila utani. "Mionzi inakatwa kila mara. Dokta ameona."

Dokta alikuwa mwanamke mtulivu, hapandishi sauti. Alituita akatazama kumbukumbu za tiba kwenye kompyuta, akavua miwani.

"Kesho akishindwa tena, tunaacha habari ya kushika pumzi. Tutampiga picha upya, tupange tiba akiwa anapumua kawaida."

Spika akauliza ambalo mimi nilishindwa kuuliza. "Na moyo wake?"

"Moyo utapata mionzi mingi kuliko nilivyotaka. Sipendi. Lakini ninachokiona hapa ni mwili uliochoka. Siwezi kumlazimisha mtu awe na pumzi asiyokuwa nayo."

Nilifungua mdomo. "Dokta..."

Wote wawili wakanigeukia.

"Hakuna kitu," nikasema.

Niliporudi kwenye skrini nilijichukia sana. Nikafungua mistari yake ya siku zile, mmoja baada ya mwingine, bila kujua natafuta nini.

Mtu anayeishiwa pumzi anapigana. Ukimtazama kwenye skrini, mstari unaanza kutetemeka, unashuka kidogo, unapanda, unayumba, ndipo unaanguka. Nimeshaona watu wengi wakipigana vile.

Mstari wa Mama Halo haukutetemeka hata kidogo. Ulikaa juu umenyooka, ukafika mahali, ukashuka.

Hakuishiwa pumzi. Alikuwa anaiachia kwa hiari yake.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Amechoka na tiba? Amechoka kuishi? Wazo hilo la pili lilinikosesha raha kabisa. Nikiliripoti, wataanza kumhoji kama mtuhumiwa. Nikinyamaza, kesho wanampanga upya, na moyo wake unalipa.

Kulikuwa na njia moja tu, na ilikuwa inanitaka mimi niongee na mtu ana kwa ana.

Kesho yake nilimfuata kwenye kile kichumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa ameshavaa gauni la hospitali, ameketi kwenye kibenchi, anafunga hereni zake ndani ya leso. Kila siku alikuja na hereni, ingawa kila siku tulimwambia azivue.

Aliponiona akatabasamu. "Ee, mikono ya baridi. Leo umekuja kunipasha joto?"

Nikashika pazia.

"Mama, unanisikia?"

Leso ikamponyoka.

Alinitazama muda mrefu, toka nywele hadi viatu, kama mtu anayelinganisha picha na mwenye picha.

"Sema tena."

"Mama, unanisikia?"

"Halo," akajibu polepole. "Kumbe ni wewe. Siku zote unanivuta shuka, kumbe ni wewe."

Nikaketi pembeni yake.

"Mama, kwa nini unaachia?"

"Si nilikwambia, pumzi..."

"Mama." Nilijishangaa nilivyomkatiza. "Mtu akiishiwa pumzi mstari wake unatetemeka. Wako hautetemeki. Unaachia kusudi."

Akaokota leso, akaikunja, akaikunjua.

"Hivi kuna hasara gani? Yule kijana alinieleza mwenyewe, nikitoka kwenye kijani mashine inazima. Haiunguzi kitu. Tunaanza tena. Nikaona hasara ni muda tu, na mimi muda ninao."

"Hasara ipo. Dokta anaamini huwezi. Leo ukiachia, hutashika pumzi tena. Watakutibu ukipumua hivihivi, na moyo wako utakuwa karibu zaidi na mionzi."

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kifuani upande wa kushoto.

"Hakuna aliyeniambia."

"Kwa sababu sote tulidhani ni mwili wako. Mama, umechoka kutibiwa?"

"Mimi?" Akanishangaa kweli. "Mimi nataka kuishi mpaka nione mwisho wa mgogoro wangu na mwenye nyumba. Haikuwa mimi. Ilikuwa wewe."

"Mimi?"

"Kuna siku ulisema shikilia. Nikashikilia. Nikasikia unavuta kamasi, taratibu, kama mtu anayelia hataki mwenzake wa kitandani ajue. Wewe kidole chako huwa hakitoki kwenye kitufe, mwanangu. Nilikuwa nasikia kila kitu."

Nilikumbuka siku hiyo. Spika alikuwa ametoka kwenda kumwita mgonjwa anayefuata. Nilijua niko peke yangu.

"Nimefanya kazi ya masikio," akaendelea. "Mtu akisema halo tu, najua kama amekula, kama amepigana na mumewe, kama kuna mtu nyumbani kwake. Wewe sauti yako ilikuwa na mwangwi wa chumba kitupu. Nikajiuliza, huyu mtoto laini ikikatika sasa hivi, ataongea na nani mpaka kesho? Nikaachia. Ukaanza kuniongelesha. Nikasikia sauti yako inapata damu. Kesho yake nikaachia tena."

Machozi yalikuwa yananitiririka hadi kwenye kola ya sare.

Mimi niliyedhani namshika mkono. Kumbe ndiye aliyekuwa amenishika.

"Usinione malaika, lakini," akasema, akinipa ile leso yenye hereni ndani. "Nusu ilikuwa kwa ajili yako. Nusu nyingine, redio ya nyumbani imekufa."

"Si ulisema mzee anakusubiri nje kwenye gari?"

"Mzee alishatangulia zamani, na gari hatukuwahi kuwa nalo. Nasema hivyo kwa sababu watu wakijua huna wa kukusubiri, wanaanza kukuongelesha kama mtoto aliyepotea sokoni. Sitaki."

Tukacheka wote wawili, pua zimetuziba.

Nikamwambia, "Leo shikilia mpaka niseme. Usiniachie njiani. Tukimaliza kazi yako nitaomba ruhusa nikusindikize kituoni, tuongee njia nzima. Na kesho vilevile."

"Njia nzima? Wewe na aibu yako?"

"Wewe utaongea. Mimi nitaitikia."

"Makubaliano hayo," akasema.

Dokta alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Spika akakunja mikono. Mlango ukafungwa. Nikabonyeza kitufe.

"Mama, unanisikia?"

"Halo. Nakusikia."

"Vuta pumzi. Vuta. Shikilia."

Mstari ukapanda, ukaingia kwenye kijani. Mashine ikawaka. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, na pumzi yangu nimeibana.

Ukafika pale alipozoea kuachia.

Ukapita.

Kisha, karibu na mwisho, kwa mara ya kwanza niliuona mstari wa Mama Halo ukitetemeka. Kumbe ilikuwa kazi ngumu kiasi kile. Kifua cha mtu mzima kinauma, kovu la upasuaji linavutika, na yeye siku zote ametuonyesha kama vile anacheza. Uliyumba. Ulishuka hadi ukingoni mwa kijani. Spika akanong'ona, yeye wa kunong'ona, "Jamani mama, jamani mama."

Haukutoka.

"Achia."

Tukashusha pumzi watu wanne kwa pamoja.

Alifanya hivyo mara zote zilizobaki siku ile. Dokta akaniwekea mkono begani.

"Umemwambia nini?"

Nikamgeukia, nikamtazama machoni. "Nimemwambia kweli, dokta. Na naomba nimsindikize kituoni."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nenda. Spika ataanza na anayefuata."

Nilimsindikiza kila siku hadi tiba yake ikaisha. Alikuwa mwendo wa polepole, anasimama kila kwenye kivuli kidogo, anasimulia ndoa za watu alizozisikia zikivunjika kwenye waya. Siku ya mwisho aliniomba namba ya simu. Nikamtajia. Akairudia mara moja.

"Huiandiki?"

"Wanaoandika namba ni wageni wa kazi, mwanangu."

Akapanda gari, akaketi dirishani, hereni zake zikimetameta. Hakupunga mkono. Nadhani alijua tungelia.

Baada ya hapo, kimya.

Siku zikapita, simu haikulia. Nilimlaumu, nikamsamehe, nikahofia ameugua. Kwenye mafaili namba yake ilikuwepo, lakini si haki kuchukua namba ya mgonjwa kwa shida zangu binafsi. Nikarudi kwenye kikombe changu na kioo changu.

Jumapili moja mchana nilikuwa nimeketi kitandani, sina la kufanya, natazama ukuta. Simu ikaita. Namba ngeni. Mimi namba ngeni huwa sipokei, naogopa kujieleza.

Nikapokea.

"Halo," sauti ikasema, ya kazi kabisa. "Hapa swichibodi. Tunaomba radhi kwa kuchelewa, tarakimu ya mwisho ya namba yako ilichanganywa na nyingine, tumesumbua watu wengi sana wasiohusika. Kuna mtu anataka kuongea na wewe. Usikate, nakuunganisha."

Kimya kidogo. Mkwaruzo. Kisha sauti ileile, sasa ya nyumbani:

"Mwanangu. Leo umekula nini?"

Nikavuta pumzi nijibu. Pumzi ikakwama kifuani, haipandi, haishuki.

Akasubiri. Alikuwa anasikia, si kazi yake ni ya masikio?

"Achia sasa," akasema.

Nikaachia. Nililia kwa sauti kubwa kuliko sauti yoyote niliyowahi kuitoa maishani, na yeye hakukata laini.

Ninaandika haya kwa ajili ya watu wawili.

Wewe utakayelala kwenye kile kitanda: shikilia mpaka uambiwe, maana moyo unaoukinga ni wako. Ukitaka kuongea, sema unataka kuongea. Usiulipie muda wetu kwa moyo.

Na wewe uliyeketi kwenye chumba chako ukijua hakuna anayekusikia: nami nilijua hivyohivyo, na kumbe kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.